Daraja Lililodhani Limefika

Siku ya tatu ya bura,
upepo ule wa Februari unaoshuka Velebit
na kuichuna bahari ngozi,
Dokta Wendelin alinipigia simu,
daktari mstaafu wa meno, mtu wa Graz:
"Bi Perina, nimefungwa ndani ya boti yangu."

Nilimkuta tezini amevaa koti la kuogea.
Kati yake na gati la Betina, mita moja na nusu
ya maji meusi, kamba zimekaza, zinalia.
Goti lake la kushoto ni la chuma; haruki.
Majirani walimpitishia mkate kwa wavu wa samaki,
na siku ya pili jibini,
na wavu wenyewe ukanasa kwenye reli, ukabaki kwake.

Daraja la haidroli lililala ndani ya ala yake
kama ulimi wa mtu aliyeapa hasemi.

Mimi niliruka.
Krševan, mwanagenzi wangu, alirusha kisanduku cha vifaa
kisha akajirusha mwenyewe.
Kisanduku kilitua vizuri zaidi.

Mshukiwa wa kwanza ni betri, siku zote.
Volti ishirini na nne nukta sita. Betri haina hatia.
Fyuzi nzima. Rimoti inakonyeza taa yake nyekundu.
"Pampu imekufa," akasema Krševan, "tuagize mpya,"
kwa furaha ya kijana asiyelipa.
Nikamwambia: kabla hujazika, shika mshipa.

Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Nikashuka ngamani, kifudifudi, tochi mdomoni,
shavu juu ya fiberglasi baridi,
dizeli puani.
Miaka thelathini na moja nimefanya kazi humu;
ofisi yangu haina kiti.

Nikachukua waya mmoja, nikaupeleka umeme
moja kwa moja kwenye koili ya vali:
tak! Pampu ikanguruma, daraja likatoka kiganja kimoja,
na huko juu Dokta akapiga kelele
kama mtu wa kisiwani aliyeona meli.
Basi pampu i hai. Koili i hai.
Umeme unatoka kwao, lakini haufiki.

Waya wa manjano niliufuata kwa vidole
kama unavyofuata uvumi, nyumba kwa nyumba,
mpaka kwa aliyeuanzisha:
swichi ya kikomo, ndogo kuliko kidole gumba,
yenye kazi moja tu duniani:
daraja likifika mwisho, iseme, "Basi."

Chumvi ilikuwa imeingia.
Shaba imeota ukungu wa kijani,
kitufe kimebonyea, hakirudi.
Kwa hiyo siku tatu, mchana na usiku,
ilisema basi, basi, basi,
na daraja, lisilo na macho, likaamini:
nimeshafika, nimeshatandazwa, watu wanapita juu yangu.
Nalo limelala ndani ya ala.

Nilikaa pale muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyodai.
Namjua mtu wa namna hiyo.
Nilikula naye chakula cha mchana miaka kumi na miwili.

Swichi mpya: euro kumi na tisa.
Nikakata waya hadi kwenye shaba nyekundu,
nikabana viungo, nikavivika mpira unaosinyaa kwa moto,
nikapaka grisi,
nikaandika tarehe kwa wino usiofutika
kwa ajili ya shavu litakalolala hapa baada yangu.

"Sasa." Krševan akabonyeza.
Daraja likatoka taratibu, likainama,
likagusa gati, likanyamaza. Mahali penyewe.

Dokta akalitazama. Akakaza mkanda wa koti.
Hakushuka.
"Lirudishe." Likarudi.
"Litoe." Likatoka.
Mara nne. Krševan akatazama saa;
nikamwambia dakika hizi hatuziandiki.

Mara ya tano akaomba rimoti yeye,
na mikono iliyong'oa magego ya nusu ya Graz
ikatetemeka juu ya kitufe.
"Ile jibini," akasema, "aliyeileta sikumuuliza jina."

Akavuka, goti likilia hatua kwa hatua,
koti la kuogea likipepea kwenye bura,
akashika njia ya boti ya tatu, mkono wa kushoto,
na wavu begani.